Upele Unaofuata Mwezi

Mazungumzo ya afya kwa wakaazi wa wadi ya Kipevu, Kaunti Ndogo ya Changamwe



Hapa Kipevu mtu akijikuna hakuna anayeshangaa. Jua ni kali na jasho halikauki. Malori yanapita usiku na mchana yakiingia na kutoka bandarini, na vumbi lake linaingia hadi jikoni. Maji ya visima vingi yana chumvi. Kwa hivyo mwanamke akitokwa na vipele, majibu huwa tayari kabla hajamaliza kueleza: ni joto, ni maji, ni sabuni, ni samaki aliokula. Asipopona, jirani humnong'oneza kwamba ni jicho la hasidi.

Mara nyingi jibu ni hilo la joto au sabuni. Lakini kuna upele ambao haufuati joto wala sabuni. Unafuata tarehe. Unakuja kabla ya hedhi, unaondoka hedhi inapoanza, na mwezi ujao unarudi. Huo ndio wa kuzungumziwa leo, pamoja na kosa linalofanywa na wengi wanapojaribu kuutibu peke yao.

Tuchukue mfano. Ni mfano wa kubuni, lakini kila aliyeketi hapa anaweza kumwona mtu anayemjua ndani yake. Mama wa miaka 30, watoto wawili, anauza mahamri na viazi vya karai kwa madereva wa malori na matingo wao. Kila mwezi, kama wiki moja kabla ya siku zake, mikono na mapaja yanatoka mabaka mekundu yanayowasha hadi anashindwa kulala. Siku ya pili ya hedhi mabaka yameisha. Analaumu moshi wa mafuta na kuhamisha jiko nje. Mwezi ujao yamerudi. Anabadilisha sabuni. Yamerudi. Hatimaye ananunua tyubu ndogo ya krimu kwa mchuuzi, haina pakiti wala karatasi ya maelezo. Anapaka, na baada ya siku mbili ngozi imetulia. Anaisifu krimu ile kwa kila mtu.

Baada ya mwaka mmoja, upele haujakoma. Na sasa ngozi ya uso imekuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi zimejaa mashavuni, na siku asipopaka uso unawaka kama umemwagiwa pilipili. Mama huyu ana maradhi mawili: la kwanza halijatambuliwa, na la pili amelinunua kwa pesa zake mwenyewe.

Ili kuelewa yaliyompata, ni lazima kujua homoni ni nini. Homoni ni ujumbe ambao kiungo kimoja cha mwili hukitumia kingine kupitia damu. Kuna homoni ya kusawazisha sukari, ya kuukuza mwili wa mtoto, na ya kuuandaa mwili kukabili hatari. Mwanamke ana homoni mbili kubwa zinazoendesha mwezi wake: estrojeni na projesteroni. Yai likishatoka kwenye ovari, katikati ya mwezi wake, projesteroni hupanda ili kuandaa nyumba ya uzazi. Mimba isipoingia, projesteroni hushuka, na hedhi huanza.

Sasa linganisheni na yule mama wa mahamri. Upele wake unatokea projesteroni ikiwa juu na kuondoka ikishuka. Kuna wanawake wachache ambao kinga ya mwili wao huichukulia projesteroni kama adui, jinsi mwili wa mwingine unavyokataa kamba au pweza. Mara nyingi dalili huanza kati ya siku 3 na 10 kabla ya hedhi na kuisha siku moja au mbili baada ya damu kuanza kutoka. Huweza kuwa mabaka yaliyovimba na kuwasha, ukurutu, malengelenge, au vidonda vya mdomoni. Kwa wachache sana huwa ni kuvimba midomo na kubanwa na pumzi.

Hali hii si hadithi ya mitaani. Mwaka 1921 daktari aitwaye Géber alieleza habari za mwanamke aliyetokwa na mabaka wakati wa hedhi, na mabaka hayo yalirudi alipodungwa maji ya damu yake mwenyewe yaliyotolewa kabla ya siku zake. Mwaka 1964 Walter Shelley na wenzake huko Marekani waliihusisha hali ya namna hiyo na projesteroni na kuipa jina. Mwaka 2016 madaktari wa Marekani walichapisha habari za wagonjwa 24, na wakaeleza jinsi baadhi yao walivyozoeshwa homoni hiyo kidogo kidogo, kwa dozi ndogo zinazoongezwa chini ya uangalizi, hadi miili yao ikaikubali.

Ni vyema kusema wazi kwamba hali hii ni adimu. Wagonjwa walioandikwa katika majarida ya utabibu duniani kote ni mamia machache, si maelfu. Asitoke mtu hapa akidhani kila kipele ni projesteroni. Lakini pia asiambiwe mwanamke kwamba anajitungia mambo anaposema, "Upele wangu unajua tarehe." Huenda anasema kweli tupu.

Tena, homoni huigusa ngozi kwa njia nyingine zilizo za kawaida zaidi. Chunusi za kidevuni zinazofura kabla ya hedhi ni kazi ya homoni. Madoa ya kahawia yanayotokea mashavuni na kwenye paji la uso wakati wa ujauzito ni homoni zikisaidiana na jua, na mara nyingi hufifia baada ya kujifungua. Hata ukurutu wa miaka mingi unaweza kuzidi siku chache kabla ya hedhi bila ya mwanamke kuwa na mzio wa homoni yoyote. Kumtenganisha huyu na yule ni kazi ya mhudumu wa afya, si ya jirani wala ya mchuuzi.

Kuna jambo moja la ujauzito ambalo akina mama wanatakiwa kulishika leo. Mjamzito akiwashwa sana viganjani na kwenye nyayo, hasa usiku, katika miezi ya mwisho, na ngozi haina vipele, asipake kitu akanyamaza. Huenda ini linashindwa kupitisha nyongo kwa sababu ya homoni za ujauzito, na hali hiyo inaweza kumhatarisha mtoto tumboni. Aende kliniki siku hiyo hiyo, apimwe damu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wengi wanalo moyoni: je, sindano na vijiti vya uzazi wa mpango? Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 57 ya wanawake walioolewa nchini Kenya wanatumia njia za kisasa za kupanga uzazi, na sindano na vipandikizi ndizo zinazoongoza. Sindano ya miezi mitatu na vijiti vya mkononi vina homoni ya jamii ya projesteroni. Vidonge pia vina homoni hiyo, na zipo koili zenye homoni vilevile. Koili ya shaba na kondomu hazina homoni.

Wanawake walio wengi hutumia njia hizi miaka na miaka bila upele wowote. Wengine hupata chunusi au madoa usoni. Wachache mno hupata mzio wa kweli. Kwa wale ambao mwili wao unaikataa projesteroni, wakati mwingine dalili za kwanza hujitokeza baada ya ujauzito au baada ya kuanza dawa yenye homoni. Hiyo ndiyo sababu mhudumu wa afya anapaswa kuambiwa njia unayotumia na tarehe uliyoanza, hata kama umekwenda kwa ajili ya ngozi tu.

Kwa hivyo kuna makosa mawili ya kuepuka. La kwanza ni kuvumilia kimya kimya. La pili ni kuiacha njia ghafla bila kuchukua nyingine. Kijiti kisitolewe nyumbani kwa wembe wala na mtu asiyefunzwa. Kinatolewa kituoni, kwa usafi na ganzi, kwa dakika chache. Sindano haiwezi kutolewa ikishaingia. Nguvu yake hudumu miezi mitatu na zaidi, na ndiyo maana mwenye upele uliozidi baada ya sindano anatakiwa kumwona mhudumu kabla ya kudungwa nyingine. Na mwanamke anayebadilisha njia aondoke kituoni akiwa na njia mpya mkononi. Upele unaweza kutibiwa. Mimba isiyotarajiwa ni safari nyingine.

Akina baba, hapa mnahusika. Mke akisema sindano inamletea upele, jibu si "basi acha kila kitu" wala si "unadeka." Jibu ni kumsindikiza kituoni, na kuwa tayari kutumia kondomu wakati anapochunguzwa. Kupanga uzazi ni kazi ya watu wawili, na gharama ya kukosea huingia nyumba moja.

Turudi kwenye ile tyubu ya mchuuzi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoumia, wanawake kwa wanaume. Krimu nyingi zinazotuliza mwasho kwa haraka ya ajabu zina steroidi. Na steroidi yenyewe ni homoni, iliyotengenezwa kwa mfano wa ile ambayo miili yetu huitoa wakati wa shida. Kwenye pakiti, majina ya zile kali huandikwa clobetasol au betamethasone. Hizi ni dawa nzuri mikononi mwa anayejua: sehemu fulani ya mwili, kwa siku zilizohesabiwa, halafu zinapunguzwa. Daktari wa ngozi huzitumia kila siku.

Zikipakwa ovyo, hasa usoni, kwapani na kwenye mapaja, hukonda ngozi, huacha michirizi isiyofutika, huleta chunusi, na ngozi huzizoea hadi ikikosa huwaka. Zikipakwa karibu na macho kwa muda mrefu zinaweza kuleta mtoto wa jicho au kupandisha presha ya jicho. Zikipakwa juu ya choa, yaani punye, huzima mwasho huku fangasi wakitambaa chini kwa chini, na mgonjwa anapofika kituoni hata mhudumu hutatizika kuwatambua. Na zikipakwa mwili mzima kwa miezi mingi, mwili huweza kuacha kutengeneza homoni yake, na hapo kuacha krimu ghafla ni hatari. Anayetumia kwa muda mrefu asiitupe leo kwa hofu. Aende nayo kituoni, apangiwe namna ya kuiacha.

Steroidi hizo hizo huingizwa kwa siri katika mafuta ya kujichubua, yale wengi huyaita mkorogo. Tangu mwaka 1998 Kenya imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Neno homoni limo katika marufuku hiyo kwa sababu hii hasa. Hata hivyo tyubu na vikopo bado vinauzwa, vingine vikiwa na maandishi ya lugha ambayo hata muuzaji haisomi. Kabla ya kununua, tazama: je, ina orodha ya viungo, jina la aliyetengeneza, tarehe ya kuharibika na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS? Ikiwa haina, usiipake. Dawa ya ngozi inunuliwe kwenye duka la dawa lililosajiliwa, kwa karatasi ya mhudumu.

Basi mwenye upele unaorudirudi afanye nini? Jambo la kwanza halina gharama: aandike tarehe. Achukue kalenda ya ukutani, daftari la mtoto lililokwisha, au simu. Kila siku upele unapotokea, atie alama. Siku hedhi inapoanza, atie alama nyingine. Aandike pia siku aliyodungwa sindano, dawa aliyomeza, na sabuni au mafuta mapya aliyoanza kutumia. Akiweza, apige picha ya upele kwa simu, kwa sababu siku ya kliniki huenda ukawa umeshaondoka. Afanye hivyo miezi miwili au mitatu, isipokuwa hali ikiwa mbaya, hapo asingoje.

Akina mama wengi wa Pwani kazi hii wanaijua tayari. Anayehesabu siku zake kwa ajili ya swala, na anayejua amebakisha siku ngapi za Ramadhani za kulipa kadha, ana kalenda kichwani. Kinachobaki ni kuongeza alama moja ya ngozi kando yake.

Alama hizo zikisomwa, mambo mengi hujitenga yenyewe. Upele wa joto huja siku za jua kali na hupungua mtu akikaa kwenye upepo; haujui tarehe. Mwasho wa upele wa kuambukiza, ule unaosababishwa na kidudu, huzidi usiku, hukaa katikati ya vidole, na mara nyingi nyumba nzima hujikuna. Huo unahitaji kutibu wote walio nyumbani kwa pamoja. Mzio wa sabuni hufuata sabuni. Ule ambao miezi mitatu mfululizo umekuja kabla ya hedhi na kuondoka nayo, huo ndio wa kupelekwa mbele ya mhudumu na kuambiwa: "Tazama."

Hatua ya pili ni kituo cha afya kilicho karibu. Ikihitajika, mgonjwa atatumwa Hospitali ya Kaunti Ndogo ya Port Reitz, au atavuka Makupa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Coast General kisiwani. Abebe kalenda yake, kadi ya uzazi wa mpango, na kila tyubu na kidonge alichotumia, hata kile anachokionea haya. Mhudumu hawezi kupima asichokiona, na dawa iliyofichwa humpoteza njia.

Matibabu hutegemea kilichopatikana. Wengine hutosheka na vidonge vya mzio na krimu inayofaa kwa siku chache. Wengine hubadilishiwa njia ya uzazi wa mpango. Ikithibitika ni projesteroni, wataalamu wanaweza kutoa dawa za kuzuia yai kutoka, ili homoni hiyo isipande. Dawa hizo si za kujinunulia: baadhi haziwafai wenye presha, wanaonyonyesha watoto wachanga, au waliowahi kuganda damu. Jambo muhimu ni kwamba njia zipo, na mlango wa kuingilia ni ile kalenda.

Kuna dalili ambazo hazingoji kalenda wala miadi. Midomo, ulimi au uso ukivimba ghafla, pumzi zikibana, mtu akihisi kizunguzungu na kuanguka pamoja na upele, ngozi ikianza kubambuka, au malengelenge yakitokea mdomoni na machoni baada ya kumeza dawa: huyo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku wa manane au mvua ya masika. Tuk-tuk ya jirani isisubiri nauli.

Wahamasishaji wa afya ya jamii mna kazi mahususi. Mnapoingia nyumba na kumkuta mama anajikuna, msiishie kuuliza kuhusu chandarua na maji. Muulizeni: "Huanza lini, huisha lini, na unapaka nini?" Maswali hayo matatu yanaweza kumwokoa na mwaka mzima wa tyubu. Na yaulizwe faraghani, kwa heshima. Mambo ya hedhi si ya kutangazwa uani mbele ya wapangaji wote.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Upele wa mwezi umefichwa kwa sababu unagusa mambo mawili ambayo watu huyaonea haya: hedhi, na krimu za uso. Binti wa shule anayetoka mabaka kila mwezi huenda hajamwambia mtu. Mama muuza mahamri huenda anaamini amerogwa. Kijana wa kiume huenda anapaka mkorogo kwa siri na sasa hawezi kuuacha. Hakuna kati yao aliyefanya dhambi. Kila mmoja anahitaji kuketi na mhudumu wa afya na kusema ukweli wote.

Kwa hivyo mkitoka hapa, bebeni mambo matatu. Upele unaorudi uandikwe tarehe. Krimu isiyo na pakiti isipakwe. Na njia ya uzazi wa mpango isiachwe wala kutolewa bila mhudumu na bila nyingine mkononi. Anayemjua jirani mwenye shida hii amfikishie maneno haya leo, kabla mwezi mwingine haujaandama.